Bastola ya silinda na ukarabati wake nyumbani: Karagwe na Kyerwa

Bastola ya silinda ni silaha fupi ya mkononi ambayo risasi zake, kwa kawaida tano au sita, hukaa kila moja kwenye chemba yake ndani ya silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Nyundo ikivutwa, silinda husogea hatua moja na kuleta chemba nyingine mbele ya mtutu. Hapo ndipo inapotofautiana na bastola ya magazini, na hapo ndipo ilipopata sifa ya kuwa silaha isiyosumbua. Sifa hiyo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba risasi moja ikigoma, mwenye silaha huvuta kifyatulio tena na chemba inayofuata huja yenyewe. Lakini bastola hiyo ikianza kuharibika, kuitengeneza ni kugumu kuliko umbo lake linavyoonyesha, na aliyezoea kufungua pampu ya dawa ya kahawa au karbureta ya pikipiki anaweza kuiharibu kabisa kwa bisibisi moja. Hitilafu ambazo mmiliki anaweza kuziondoa mwenyewe nyumbani karibu zote ni uchafu. Zilizobaki hutokana na mapatano ya vipande kadhaa vinavyotegemeana, na hizo haziko tena katika uwezo wake, hata awe na mikono mizuri kiasi gani. Historia ya Karagwe, nchi iliyopata bunduki ya silinda mapema na iliyokuwa na wahunzi hodari, inalithibitisha jambo hilo vizuri kuliko mahali pengi.

Wapelelezi wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwishoni mwa Novemba 1861. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862, akamwacha Grant akiuguza mguu. Rumanyika alibaki na zawadi kadhaa za Speke, na mojawapo ilikuwa bunduki ndefu ya silinda, yaani yenye mtambo uleule wa bastola uliowekwa kwenye tako na mtutu mrefu. Uwezo wa silaha za aina hiyo ulionekana Buganda majuma machache baadaye. Mfalme wa huko, Kabaka Mutesa, alipomtaka Speke awapige risasi ng'ombe wanne uwanjani, Speke aliazima bastola ya silinda aliyokuwa amempa Kabaka mwenyewe, akawapiga wote wanne mfululizo, na wa mwisho alipomgeukia akiwa amejeruhiwa, akammaliza kwa risasi ya tano. Kwa watu waliozoea bunduki ya kushindilia, ambayo ikishapigwa mara moja humlazimu mwenyewe kurudi kwenye baruti na mdeki, jambo hilo lilikuwa la ajabu. Mtu angetarajia silaha kama hiyo ienee Karagwe haraka. Lakini msafiri Henry Morton Stanley alipomtembelea Rumanyika mwanzoni mwa 1876, miaka kumi na minne baadaye, aliikuta bunduki ya Speke katika nyumba ya hazina ya mfalme, imewekwa mahali pa heshima karibu na sanamu za bata za shaba, ng'ombe za shaba nyekundu, mikuki na vyombo vya maziwa. Rumanyika aliipenda kwa sababu ilimkumbusha wageni wake wawili.

Stanley hakuandika kwamba bunduki hiyo ilikuwa mbovu, na haifai kumtia maneno kinywani. Inatosha kuiangalia silaha yenyewe na kujiuliza ilihitaji nini ili iendelee kupiga. Silaha nyingi za silinda za wakati ule hazikutumia risasi zenye ganda. Kila chemba ilitiwa baruti kwa mbele, risasi ikashindiliwa juu yake, kisha fataki ikavishwa kwenye chuchu ya nyuma. Fataki ilipopasuka, vipande vyake vya shaba viliweza kudondoka ndani ya mtambo na kuikwamisha nyundo au silinda. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi mengi yanayovuta unyevu. Masizi hayo huganda kwenye mhimili wa silinda, nayo silinda huwa nzito baada ya mapigo machache tu, na ikiachwa usiku kucha bila kuoshwa huanza kushika kutu. Tena kulikuwa na hatari ya moto kuruka kutoka chemba moja hadi jirani yake, zikalipuka mbili au tatu kwa pamoja. Kwenye bastola hatari hiyo ilikuwa mbaya. Kwenye bunduki ndefu ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mkono wa kushoto wa mpigaji hushika mbele ya silinda, mahali hasa ambapo risasi za chemba za pembeni zingepita. Na fataki zenyewe zilitoka pwani, zikapitia Unyanyembe (eneo la Tabora), zikafikishwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe. Bunduki ya gumegume ingeweza kungoja jiwe jingine. Silinda isiyo na fataki haikuwa na la kungoja.

Msomaji wa Kagera atauliza: na wahunzi je? Swali ni la haki. Eneo hili lina historia ndefu ya chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wafua chuma wa Buhaya walikuwa na tanuru za ustadi mkubwa, ambamo hewa ilipashwa moto kabla ya kufikia makaa, na kwamba zilitoa chuma cha pua. Katika Karagwe yenyewe nyundo na fuawe za chuma zilikuwa alama za ufalme, na mapokeo humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfua chuma aliyetengeneza ng'ombe wa chuma waliohifadhiwa Bweranyange, makao ya ufalme. Wenye kazi hiyo hawakushindwa na ugumu wa chuma. Kilichokuwa tofauti ni aina ya usahihi. Jembe au mkuki ukizidi upana kidogo bado ni jembe au mkuki. Silinda haina uvumilivu huo. Nyundo inapovutwa, kidole kidogo cha chuma husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, na wakati huohuo kizuizi kilicho chini yake hushuka kuiachia, kisha hupanda na kuingia katika kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho. Kidole kikilika kidogo, chemba haifiki mbele ya mtutu. Kizuizi kikilika, chemba hupita mahali pake. Springi iliyotiwa ugumu kupita kiasi hukatika, na iliyolegezwa mno hupoteza nguvu. Kazi ya mhunzi ilikuwa kufua kipande kiwe imara. Kazi ya fundi wa silinda ni kuvifanya vipande vinne au vitano viwasiliane kwa wakati mmoja, na hilo halipatikani kwa nyundo na fuawe peke yake.

Ushahidi unaoonekana kuipinga hoja hii unatoka jirani tu, ng'ambo ya mto Kagera. Ofisa Mwingereza Frederick Lugard, aliyekuwa Buganda mwanzoni mwa miaka ya 1890, alimsifu fundi mmoja aliyeitwa Kisule, ambaye aliweza kutengeneza springi mpya na kukarabati bunduki yoyote iliyoharibika kwa kazi safi kabisa. Kwa hiyo mafundi wa nchi za Maziwa Makuu waliweza. Lakini Kisule alijifunza kwa Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyefika Buganda Novemba 1878 akiwa mmisionari na kufungua karakana ya chuma na mbao. Kisule alikuwa na mwalimu na vifaa vya kukatia, kusugua na kupimia, na alikaa katika kazi hiyo muda mrefu. Mfano wake unathibitisha kwamba kikwazo hakikuwa akili wala mikono ya Mwafrika, jambo ambalo waandishi wengi wa wakati ule walipenda kulidai. Unathibitisha pia kwamba mikono hiyo ilihitaji karakana. Karakana ya fundi aliyefunzwa ni kitu kimoja, na meza ya sebuleni ni kitu kingine. Anayemtumia Kisule kutetea ukarabati wa nyumbani amekosea mfano.

Pingamizi jingine ni la kisiasa: kwamba silaha za kisasa hazikuenea kwa sababu Wazungu walizizuia. Ni kweli walizizuia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki zenye mifereji na silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, na ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hakuna shaka kwamba sheria hiyo iliisaidia bunduki ya kushindilia kuota mizizi. Ila tarehe hazikubaliani na maelezo hayo peke yake. Kati ya zawadi ya Speke na mkataba huo kuna karibu miaka thelathini, na katika miaka hiyo misafara ilikuwa ikiingiza bunduki Unyanyembe na Karagwe bila kizuizi cha namna hiyo. Walionunua walinunua hasa za kushindilia, kwa kuwa zilikuwa rahisi kwa bei na zilikuwa na vipande vichache vya kuharibika. Sheria ilikuja kukaza fundo ambalo lilikwisha kufungwa. Hata leo silaha inayokamatwa mara kwa mara mikononi mwa wawindaji haramu wa magharibi mwa Tanzania ni gobore, yaani bunduki ileile ya kushindilia. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa jambo hilo limepata uzito mpya tangu 2019, mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Gobore ni haramu na ni hatari kwa anayelibeba, lakini limedumu kwa kuwa mtambo wake unaeleweka kwa macho.

Bastola ya silinda ya leo imeondokana na baruti nyeusi na fataki za kuvisha. Risasi ina ganda, na kiwashio chake kiko kwenye kitako cha ganda hilo. Bastola za Webley zilizotumiwa na majeshi na polisi wa Dola ya Uingereza kuanzia 1887 zilikunjuka katikati na kutupa maganda nje zenyewe, na nyingi za sasa hutoa silinda pembeni. Mapatano ya kidole, meno, kizuizi na nyundo yamebaki yaleyale aliyoyabeba Speke. Ndiyo maana uchunguzi wa nyumbani una mpaka. Huanza kwa kuhakikisha silaha ni tupu: mdomo wa mtutu umeelekezwa mahali pasipo na mtu, silinda imefunguliwa, kila chemba imetazamwa na kuguswa kwa kidole, na risasi zimepelekwa chumba kingine. Hakuna uchunguzi wa haki unaofanyika huku risasi ziko mezani. Baada ya hapo lalamiko la kwanza la wamiliki wengi ni silinda nzito au inayokwama. Mara nyingi kosa liko chini ya kitoa maganda, kile kisahani chenye umbo la nyota nyuma ya silinda. Punje chache za baruti isiyoungua zikinasa chini yake, nyota haikai sawa, na silinda husuguana na fremu. Mswaki mkavu unatosha kuziondoa, silinda ikiwa imeinamishwa ili uchafu udondoke nje usirudi ndani. Sababu ya pili ni masizi kwenye uso wa silinda unaotazama mtutu. Nafasi kati ya silinda na mtutu kwa kawaida ni kama milimita 0.1 hadi 0.25, kwa hiyo tabaka jembamba tu la masizi huanza kuibana.

Silinda isiyofunguka kabisa ina sababu inayowashangaza wengi: fimbo ya kusukumia maganda, ambayo katika bastola nyingi hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, imelegea na kurefuka kidogo, ikajibana mahali inapofungiwa. Yenye kufunguka kwa shida inaweza kuwa na tatizo hilo likiwa bado changa. Kulazimisha kwa kiganja au kugonga kwa mpini wa bisibisi hupinda mkono unaobeba silinda, na mkono huo ukipinda, chemba zote hukaa upande kuanzia siku hiyo. Kama bastola imekwama hivyo ikiwa na risasi, uchunguzi wa nyumbani umekwisha hapohapo. Maganda yasiyotoka nayo huwa na sababu mbili: chemba chafu, au chemba zenye kutu ya vishimo. Uchafu husafishwa. Vishimo haviondoki, na anayevisugua kwa msasa hupanua chemba na kuifanya ishike ganda kwa nguvu zaidi. Hapa hali ya hewa ina sehemu yake. Karagwe na Kyerwa hupata mvua kwa misimu miwili, na mfuko wa ngozi ulionyeshewa hutunza unyevu siku nyingi baada ya jua kurudi. Bastola ihifadhiwe nje ya mfuko, kavu, katika kasha la chuma lenye kufuli. Mafuta nayo yawe kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi jekundu la barabara za Kayanga na Nkwenda, yakachanganyika nalo na kuwa msasa, na yakivuja huweza kuingia kwenye viwashio vya risasi na kuziua.

Risasi iliyogoma inahitaji subira kabla ya utaalamu. Mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu kwa angalau nusu dakika, kwa kuwa kiwashio huweza kuchelewa kuwaka. Kisha alama ya pini kwenye kitako cha risasi hueleza mengi. Alama ya kina kwenye risasi isiyolipuka inashtaki risasi. Alama hafifu inashtaki bastola: springi imechoka, skrubu yake imelegea, au masizi yamepunguza mwendo wa nyundo. Kosa la hatari zaidi ni mlio mdogo, mzito, usio na msukumo, maana risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu na pigo la pili likaupasua. Baada ya mlio huo bastola haipigwi tena mpaka fundi aione. Mwisho ni kosa la mapatano yenyewe. Bastola ikiwa tupu, nyundo ikivutwa polepole, kila chemba lazima ijifunge kabla nyundo haijashika. Isipojifunga, au ikijifunga katika chemba nne na kuteleza katika mbili, au mpigaji na waliosimama kando yake wakihisi chembe za risasi zikiwarukia usoni, chemba na mtutu havielekeani. Mtu wa nyumbani ameshaifanya kazi yake yote kwa kuligundua kosa hilo. Kidole na kizuizi havinyooshwi kwa tupa ya kunolea panga. Kila kimoja hupimwa dhidi ya kingine, na kusugua kimoja ili kitoshe leo ni kukiharibu kingine kesho.

Lipo pingamizi la umbali, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kayanga na Rubwera, makao ya wilaya hizi mbili tangu Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ziko mbali na maduka ya silaha ya miji mikubwa, na mmiliki ataona ni afadhali ajaribu mwenyewe kuliko kusafiri. Gharama hiyo ni ya kweli. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtambua mmiliki kwa leseni, na inamtaka anayefanya biashara ya kutengeneza au kukarabati silaha awe na leseni yake. Masharti hayo yanakwenda pamoja na Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ambazo zilikubaliana kuzitia silaha alama na kuziwekea kumbukumbu. Kwa wilaya zinazopakana na Uganda na Rwanda hilo si suala la makaratasi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kisha mmiminiko wa wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, vilipitisha silaha nyingi katika eneo hili, na bastola isiyo na kumbukumbu inayopelekwa kwa fundi wa uchochoroni inaonekana sawasawa na iliyovuka mpaka kinyemela. Anayekuta bastola katika mali ya marehemu naye asianze kuichunguza. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na kibanja, na silaha hiyo inapaswa kukabidhiwa kituo cha polisi.

Kwa mwenye leseni, basi, nyumbani ni mahali pa mswaki, kitambaa, mafuta kidogo na macho makini. Bastola ambayo silinda yake haijifungi, iliyotoa mlio mzito, au iliyokwama ikiwa na risasi haitengenezwi nyumbani. Itolewe taarifa kituo cha polisi cha wilaya kabla ya kusafirishwa, na ile inayofunguka ipelekwe kwa fundi mwenye leseni ikiwa tupu, risasi zake zikiwa zimefungwa kando.